Mtetemo wa Bi Mkubwa

Machi 2

Injini nyingi za mji huu zinanijua kwa sauti ya hatua zangu. Sisemi kwa majivuno. Mtu wa kiwango changu kwa kawaida hutafutiwa mwandishi wa kuandika maisha yake, na kwa kuwa mwandishi huyo anachelewa, nimeamua kumpunguzia kazi. Mimi ni Msimamizi Mkuu wa Mlango katika ghala la samani. Hakitoki kiti wala kabati pale mpaka mimi nimefungua. Shule nilifika darasa la sita, na walimu wa darasa hilo walinipenda hata wakaniomba nilirudie.

Leo mvua imeanza, nami nimepewa kazi ya heshima. Binti wa dada yangu ana mimba ya miezi mitano. Mbili za kwanza hazikufika. Safari hii daktari amemshona mlango wa kizazi, akamwambia alale, apumzike, na kila Jumanne apelekwe kliniki akaangaliwe. Dada yangu mkubwa, mama yake, akaongeza la kwake: asitikiswe.

"Amebeba yai," akasema, huku akinitazama mimi na si mwingine. "Atakayemtikisa atanitambua."

Mkwe wetu, mume wa binti, ni mwoka mikate wa zamu ya usiku na hajui kuendesha hata mkokoteni. Akapendekeza teksi. Binti akakataa. Mara zote mbili alikimbizwa hospitali kwa teksi ya mtu asiyemjua, na mara zote mbili alirudi mikono mitupu. Akanigeukia pale kitandani alipolala.

"Mjomba, nataka unipeleke wewe. Wewe na Bi Mkubwa."

Bi Mkubwa ni gari langu. Ni la gia za mkono, la zamani, rangi yake ilikuwa kijani kabla jua halijaipenda. Niliwaambia wote walale fofofo. Niliwahi kumwendesha balozi mmoja kutwa nzima ameshika kikombe cha chai, na halikumwagika tone. Balozi yule alilia tulipoagana.

Machi 5, Jumanne

Aibu. Nimeshindwa kula.

Binti tulimweka kiti cha nyuma, mto mgongoni, mto ubavuni. Dada akakaa naye, akanigusa bega kabla sijawasha. Polepole, akasema, na hiyo injini isingurume, mtoto anashtuka. Nikaendesha kwa adabu zangu zote. Gia nikazipandisha mapema mpaka ya nne, injini ikanyamaza kama mtu aliyeingia msibani, tukawa tunatambaa hata waenda kwa miguu wakatupita na kutusalimia.

Karibu na soko Bi Mkubwa akaanza kutetemeka. Mwanzo usukani. Kisha viti. Kisha meno yangu ya juu yakawa yanapeana mikono na ya chini. Kwenye kioo nilimwona binti ameshika tumbo kwa mikono miwili, macho ameyafumba. Dada ndiye aliyesema, naye alisema kwa niaba ya ukoo mzima, wakiwemo marehemu.

Nikapunguza mwendo zaidi. Akatetemeka zaidi.

Machi 6

Kwa faida ya watakaosoma: kutetemeka kwa gari ni kwa aina tatu. Kuna kwa miguu, yaani magurudumu. Kuna kwa moyo, yaani injini. Na kuna kwa makusudi. Fundi mzuri anajua zile mbili za kwanza. Mimi najua zote.

Nikajaza maji bilauri, nikaiweka juu ya dashibodi, nikawasha injini gari limesimama. Maji yakajikunja viduara vidogo vidogo. Nikakanyaga klachi: vilevile. Nikakanyaga mafuta kidogo: vilevile. Basi si magurudumu, maana hayakuzunguka, na si klachi, maana haikubadili kitu. Ni moyo.

Majirani walikuwa wamesimama kwenye vibaraza wakinitazama nikitazama maji. Nadhani wengi wamejifunza kitu.

Machi 9

Nimempata mchawi. Injini ya gari imekaa juu ya vipande vya raba, na kimoja kilikuwa kimepasuka, chuma kinagonga chuma. Nikampelekea fundi Shwari. Tunamwita hivyo kwa sababu kila gari analoliona ni shwari, hata lililofika kwake limefungwa kamba. Akabadili raba. Tukawasha, tukaweka bilauri, maji yakatulia kiasi kwamba inzi alikuja kunywa.

"Shwari," akasema Shwari.

Nilipita kwa dada nikamwambia kazi imekwisha. Binti alicheka kule chumbani. Sijamsikia akicheka tangu mwaka juzi.

Machi 12, Jumanne

Limetetemeka. Palepale karibu na soko, halafu njia nzima. Bilauri ilinimwagikia suruali, mbele. Nesi aliyetupokea alinionea huruma kuliko mgonjwa.

Machi 13

Mvua.

Machi 16

Nimemwambia Shwari aendeshe yeye, mimi nikae pembeni na bilauri. Akaenda kwa fujo zake, gari linaunguruma, tukazunguka mpaka machinjioni na kurudi. Maji yakatulia. Nikaendesha mimi, kwa mwendo wangu wa kawaida, ule ambao hata upepo unaniuliza naenda wapi. Yakatulia.

Akabadili plagi hata hivyo, akabalansi magurudumu, akaingia chini kuangalia kama ekseli imepinda. Alipotoka alikuwa na tope mpaka kwenye nyusi.

"Mkuu, gari hili ni zima."

"Zima linatetemekaje?"

"Mbele yangu halitetemeki," akasema. "Labda linakuonea haya wewe."

Nikacheka kama mtu mkubwa anavyocheka. Njiani kurudi nyumbani sikucheka.

Machi 19, Jumanne

Limetetemeka. Safari hii binti aliniuliza kwa upole kama kuna njia nyingine ya kupita. Ile ya nyuma ya stesheni, labda ni laini zaidi. Tukapita ya nyuma ya stesheni. Lami yake ni mpya, unaweza kuitandikia kitanda. Bi Mkubwa akatetemeka juu ya lami mpya.

Nilikuwa namtazama binti kwenye kioo kuliko nilivyokuwa naitazama barabara. Kila mtetemo ukija, anauma mdomo wa chini. Namkumbuka ana miaka minne nikimrusha juu na kumdaka, na mama yake akipiga kelele. Siku zile ndiyo nilikuwa namtikisa kwa raha zangu.

Machi 23

Nimetumia kichwa. Bi Mkubwa anatetemeka akiwa na mzigo nyuma, na akiwa mtupu hatetemeki. Basi ni uzito. Nikaazima mifuko ya mchanga kwa wanaojenga jirani, nikaipanga kiti cha nyuma, uzito wa mama na mwana ndani yake, na wa bibi pembeni. Ile ya bibi ilikuwa mingi. Nikaifunga yote mikanda. Nikaenda nayo mwendo wangu wa kila siku hadi machinjioni.

Maji hayakujikunja hata mara moja.

Nilisimamisha gari pembeni nikabaki nimekaa na ile mifuko. Mvua ilikuwa inanyesha. Mtu mmoja alipita na mwavuli, akachungulia, akaona nimeufunga mchanga mikanda, akaongeza mwendo.

Machi 25

Nimembeba dada peke yake, kwa jaribio. Alikaa kule nyuma na mkoba wake magotini, kila baada ya nyumba mbili ananikumbusha polepole, kimya, wewe mtoto, hujabeba matofali. Nikaenda kama anavyotaka.

Limetetemeka.

Sasa mchanga haliutetemekei, Shwari halimtetemekei, mimi halinitetemekei. Linawatetemekea dada na mwanawe. Nimewaza mambo ambayo mtu wa kiwango changu hapaswi kuyawaza. Gari hili linawakataa wanawake wa ukoo wetu? Nilimwambia dada hivyo, kwa utani. Akashuka bila kufunga mlango.

Machi 26, Jumanne

Mkwe alikuwa anatungojea mlangoni tuliporudi, unga bado uko kwenye masikio. Hajalala tangu atoke kazini. Akaniita kando, akanisemesha kwa heshima ambayo ni mbaya kuliko matusi. Mjomba, akasema, hakuna anayekulaumu, lakini kama gari limeshindikana, tuchukue teksi. Si lazima kila kitu ufanye wewe.

Nikamjibu vibaya. Nikamwambia wakati yeye ananyonya, mimi nilikuwa navusha malori mtoni daraja likiwa limeondoka. Akainamisha kichwa. Ni kijana mzuri, kosa lake ni kwamba alikuwa anasema kweli.

Binti alisikia kupitia dirishani. Akaniita. Nikadhani ananiambia basi, nipumzike.

"Usiniache, Mjomba," akasema. "Litikisike tu. Nimeshazoea. Nikikiona kisogo chako pale mbele natulia."

Ningefurahi kama angenitukana.

Aprili 2, Jumanne

Daktari amempima. Mlango wa kizazi umefupika. Mshono unashikilia, lakini umeanza kuvutwa. Alale zaidi, asisimame ila kwenda chooni, na Jumanne asikose kuletwa.

Dada hakunitazama. Njia nzima ya kurudi hakunitazama, na Bi Mkubwa alitetemeka njia nzima.

Aprili 4

Nimefungua kila nati ninayoifikia na kuikaza tena. Nimesafisha kabureta. Nimeshika paipu moja moja kama nesi anavyotafuta mshipa. Nimesikiliza injini kwa bisibisi, ncha kwenye chuma, mpini sikioni, ufundi niliowafundisha mafundi wote wa mji huu kama walikuwa hawaujui. Nimesikia injini nzima, inayopumua vizuri, isiyo na shida na mtu.

Ningesikia ubovu wowote ningelia kwa furaha.

Aprili 5

Vilevile.

Aprili 6

Mvua. Vilevile.

Aprili 9, Jumanne

Sitaki kuandika hili lakini ninaandika.

Tulipofika pale barabara inaponyooka kwenda hospitali, lile tetemeko lilizidi, na binti akatoa sauti ndogo, kama mtu aliyekanyagwa na hataki kumwudhi aliyemkanyaga. Nikazima injini. Nikamwambia dada apite mbele ashike usukani. Akaniuliza nina wazimu gani. Nikashuka kwenye mvua, nikaenda nyuma, nikasukuma.

Ni tambarare pale, lakini gari ni gari. Viatu vinateleza, maji yananiingia shingoni, madereva nyuma wananipigia honi na kuniita majina. Dada hajawahi kushika usukani maishani, tulikuwa tunaenda kama mlevi anayetafuta kwao. Mtu mmoja tu alisimama akasukuma nami, akaniuliza betri imekufa? Nikasema hapana. Akaniuliza mafuta yamekwisha? Nikasema hapana. Akaacha kusukuma akanitazama, kisha akasukuma tena bila kuuliza.

Lakini halikutetemeka. Kupitia kioo cha nyuma niliona kichwa cha binti kimelala kwenye mto, kimetulia. Tulifika getini hivyo. Mlinzi akafungua akifikiri tumeleta maiti.

Kurudi, nilisukuma tena mpaka mwisho wa tambarare, pumzi ikanikatika. Nilipowasha injini dada alinifuta uso kwa kitambaa chake cha kichwani. Hatujasemeshana vizuri tangu Machi.

Aprili 11

Mgongo. Nimelala. Shwari alikuja kuniona, akakaa kitandani kwangu, akasema yeye amekwisha, gari hili hana la kulifanyia. Kisha akabadili habari. Mto umefurika, barabara ya chini imejaa maji, magari matatu yamezima katikati jana. Akaniambia kama nikilazimika kupita pale: gia ya pili, mafuta juu, nisiachie hata nikiona samaki, ukiachia tu maji yanaingia kwenye ekzosi.

Nikamwambia mimi ndiye niliyemfundisha hilo. Akasema ndiyo, mkuu. Ni mtu mwema.

Aprili 16, Jumanne

Nilisukuma tena pale tambarare. Mkwe alikuja kutoka kazini moja kwa moja, akaweka mabega yake karibu na yangu. Ananukia mkate.

Daktari amesema mshono bado unashikilia. Kila wiki moja ni dhahabu, akasema.

Aprili 21, Jumapili

Nimekaa kwenye benchi la hospitali, naandika nyuma ya kalenda niliyopewa na muuza matairi.

Mchana, baada ya kula, mkwe alikuja mbio kwangu pekupeku. Binti ameshikwa na uchungu, na kuna damu. Mvua ilikuwa inamwagwa, hainyeshi. Mkwe na mimi tulimbeba binti hadi kiti cha nyuma, kichwa chake kwenye mapaja ya mama yake. Mito hatukuikumbuka.

Barabara ya juu ilikuwa imezibwa na mti ulioanguka. Imebaki ya chini. Nilipoona yale maji mbele, mekundu, yanakwenda kwa haraka kuliko mimi, niliyakumbuka maneno ya Shwari. Hakukuwa tena na polepole wala kimya. Gia ya pili. Mguu chini. Bi Mkubwa akapiga yowe ambalo sijawahi kumsikia akilipiga, dada naye akapiga lake, tukaingia.

Maji yalifika milangoni. Yalikuja ndani, yakanigusa vifundo. Sikuachia. Tukatoka upande wa pili, na hata huko sikuachia, niliogopa hata kugusa ile gia, nikaenda nayo hivyohivyo ya pili, injini inalia, mji mzima unageuka. Mkwe pembeni yangu alikuwa anasema polepole neno moja tu, jina la mkewe, anarudia.

Halafu nikamsikia binti kutoka nyuma, sauti imekatika kwa maumivu.

"Mjomba. Leo halitikisiki."

Nikaitazama bilauri. Ilikuwa bado pale kwenye dashibodi, nusu maji, imebanwa na tambara tangu wiki iliyopita. Maji yametulia kama kioo.

"Nimelitengeneza," nikasema.

"Nilijua utaweza," akasema, halafu uchungu ukamchukua tena.

Wamemwingiza ndani. Mlango una kidirisha cha duara, lakini wamekiziba kwa karatasi kwa ndani.

Aprili 22

Ni msichana. Amezaliwa jana jioni, ananitosha kiganjani. Yuko hai. Wamemweka kwenye kisanduku cha kioo chenye joto, mirija puani, waya kifuani. Mama yake amechoka lakini yuko salama. Mkwe amekaa nje ya kile chumba tangu jana. Alinieleza akijaribu kutabasamu: ametoka kabla hajaiva, Mjomba, wamemrudisha kwenye tanuri. Kisha akaegemea ukuta.

Dada akaniuliza gari lilikuwa na nini. Wote wakanitazama, nao walihitaji mno kusikia jambo moja lililotengenezeka. Nikawaambia ni bolti. Bolti moja ndogo, iliyojificha mahali ambapo hakuna fundi anayefika, nimeigundua Jumamosi. Dada akanishika mkono. Akasema, kweli wewe ni fundi. Kwa miaka yote niliyoishi nimekuwa nikilisubiri neno hilo kutoka kwake.

Aprili 24

Nimetoka na Bi Mkubwa peke yangu, nyuma ya stesheni, kwenye lami mpya.

Gia ya nne, mwendo wa konokono, kimya: akatetemeka hadi bilauri ikaanguka. Gia ya pili, mwendo uleule: shwari. Nikarudia. Nikarudia tena. Kila nikimlazimisha atembee taratibu na gia ya mbio, anakosa nguvu, anatetemeka. Mzee mbebeshe gunia na umwambie atembee kwa madaha, utaona magoti yake.

Hakuna bolti. Hakuna raba. Nilikuwa nambembeleza binti, na kule kumbembeleza ndiko kulikomtikisa. Kila Jumanne. Na kadiri nilivyomhurumia ndivyo nilivyopunguza mwendo, na kadiri nilivyopunguza ndivyo alivyouma mdomo.

Nimekaa ndani ya gari mpaka vioo vikaingia ukungu.

Aprili 25

Nimemvizia daktari kwenye ngazi. Nikamwambia kuna rafiki yangu mmoja, dereva, alimbeba mjamzito wiki nyingi kwenye gari linalotetemeka, na mtoto akazaliwa njiti, na sasa rafiki huyo halali. Daktari ni kijana, ana macho ya mtu aliyekesha. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Mzee," akasema, "mwambie rafiki yako gari halihusiki. Mlango wa kizazi ulikuwa dhaifu. Mshono umeshikilia ulivyoweza. Hata angelala kitandani bila kuguswa, huenda ingekuwa vilevile."

"Lakini mlimwambia asitikiswe."

"Mimi nilisema apumzike. La kutikiswa sikulisema."

Nikashukuru. Nikashuka ngazi. Nilidhani nitakuwa mwepesi, lakini nilipofika chini niliketi kwenye ngazi ya mwisho. Kama lile tetemeko halikudhuru kitu, basi na zile raba, plagi, mifuko ya mchanga, na kusukuma kule kwenye mvua, havikusaidia kitu. Msimu mzima nimehangaika nje ya mlango ambao haukuwa na habari na mimi.

Aprili 27

Wameniruhusu kuingia, nimevaa gauni la kijani na kofia ya plastiki, mtu mzima. Nikasimama mbele ya kile kisanduku. Kifua chake ni kidogo kama ganda la kiberiti, na kinatetemeka, haraka haraka, kinashuka na kupanda. Nikamwuliza nesi mbona anatetemeka hivyo. Akasema ndivyo anavyopumua, ndivyo anavyopigana.

Kuna wakati kilisimama. Sekunde chache tu. Mashine ikalia, nesi akapitisha mkono, akamgusa unyayo kwa kidole, kikaanza tena. Yeye akaendelea na kazi zake kana kwamba amefunga dirisha. Mimi nilikuwa nimeshika stendi ya dripu.

Sina spana ya hapo. Nilisimama nikakiomba kifua kile kitetemeke, kitetemeke tu, kisiache.

Mei 1

Mkwe anataka kuiona ile bolti. Anasema binti ameiulizia mara mbili.

Mei 2

Nimewapelekea. Nimeisugua grisi kidogo ionekane ya kazi. Binti aliishika muda mrefu, akaigeuzageuza. Kidogo hivi, akasema, na kilitaka kutumaliza. Nikamweleza inavyokaa. Nilieleza vizuri, nesi mmoja alisimama kusikiliza.

Nilitaka kumwambia. Nilifungua mdomo. Akasema, "Mjomba, naomba nibaki nayo," akaiweka juu ya kile kisanduku cha kioo, juu ya kichwa cha mtoto, kama hirizi. Nikafunga mdomo.

Mei 8

Gramu zimeongezeka. Mkwe anazitaja kwa kila anayekutana naye, hata wasiomjua.

Mei 15

Zimepungua.

Mei 16

Mvua imepungua. Nimekaa nje ya kile chumba kutwa. Ghalani mlango wameufungua wenyewe, nimeambiwa hata haukukwama.

Mei 22

Ametolewa mirija. Analia kama mlango unaohitaji mafuta. Dada anasema ni sauti yangu hiyo.

Juni 5

Leo tumemleta nyumbani. Jua kali, barabara kavu, mbingu haina hata alama ya yote yaliyotokea. Dada alikaa nyuma na binti, mtoto katikati yao, amefungwa hata pua haionekani. Dada akanigusa bega kama zamani. Polepole, akasema. Na injini isipige kelele.

Nikaweka gia ya pili, nikaenda nayo njia nzima. Injini ikalia, dada akalalamika, watu wakageuka, mbwa wakatukimbiza. Mtoto akalala. Bi Mkubwa hakutetemeka hata kidogo, na binti akawa ananitazama kisogo na kutabasamu, nilimwona kwenye kioo.

Nyumbani wameifunga ile bolti kwa utepe mwekundu, wameitundika juu ya kitanda cha mtoto. Kila mgeni anahadithiwa. Shwari naye alikuja, akaishika, akaitazama kwa makini, akanitazama mimi. Nikajua amejua, maana fundi anajua bolti ya gari na isiyo ya gari. Akairudisha mahali pake.

"Shwari," akasema.

Basi na niandike, hapa hakuna mgeni. Ile bolti ni ya kitanda changu, ule mguu wa upande wa kichwani. Nimetafuta nyingine madukani, hata ghalani kwetu, hakuna inayoingia. Kuidai siwezi. Tangu Mei nalala chali, nimejinyoosha, sithubutu kujigeuza, na nikikohoa tu, kitanda kizima kinatetemeka.